Dola Huru ya Kongo na Mfalme Leopold wa Pili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye hakuikanyaga hata siku moja. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu na kila msomaji anayetaka kufahamu jinsi mamlaka ya kisiasa, itikadi na tamaa ya himaya vilivyoshikana mahali pamoja, na kwa nini matokeo yake yalifika hadi Ujiji, Tabora na Zanzibar.

Kwa nini mfano wa Kongo, na si wa himaya kubwa zaidi kama ya Waingereza?

Himaya ya Waingereza ilijengwa na vizazi vingi vya wafanyabiashara, wanajeshi, wamisionari na maofisa, hata ikawa vigumu kutenganisha nia na matokeo. Kongo ya Leopold ilijengwa na kubomoka ndani ya umri wa mtu mmoja, na hatua zake nyingi zimeandikwa katika barua, mikataba, amri na hesabu za shehena. Anayezifuata hatua hizo kwa utulivu huona jambo ambalo masimulizi mengi ya ukoloni hulipita haraka. Itikadi ya kupiga vita utumwa haikuletwa baada ya uporaji ili kuupamba. Ilitangulia, na ndiyo iliyompatia Leopold bendera inayotambuliwa na mataifa, haki ya kutoza ushuru wa forodha, mikopo na uhalali wa kuwa na jeshi. Bila itikadi hiyo asingeipata Kongo.

Mfalme wa nchi ndogo alipataje nchi iliyoizidi yake mara sabini na zaidi?

Leopold alirithi kiti cha enzi mwaka 1865, katika ufalme uliozaliwa mwaka 1830 na ambao katiba yake ilimpa mfalme madaraka machache. Wanasiasa wa Ubelgiji hawakutaka koloni, kwa kuwa waliliona kuwa gharama na chanzo cha ugomvi na majirani wenye nguvu. Mfalme akaamua kuitafuta himaya kwa jina lake mwenyewe.

Mwezi Septemba 1876 aliwaalika Brussels wapelelezi na wanajiografia mashuhuri wa Ulaya, akawaeleza haja ya kuifungua Afrika ya kati kwa sayansi na kuikomesha biashara ya watumwa. Kikao hicho kilizaa Chama cha Kimataifa cha Afrika, naye akawa mwenyekiti. Vituo vya kwanza vya chama hicho havikujengwa kwenye mto Kongo, bali upande wetu wa Afrika Mashariki: misafara yake ilianzia mwambao ulio mkabala na Zanzibar, na mwaka 1879 kikajengwa kituo cha Karema, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi.

Wakati huohuo Henry Morton Stanley alikuwa amekwisha kuivuka Afrika. Aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 1874 akafika Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, mwezi Agosti 1877. Wazungu watatu aliofuatana nao walifia njiani, na safari nzima ilibebwa, kwa maana halisi ya mabega na vichwa, na Waungwana wa Zanzibar na wapagazi wa bara. Serikali ya Uingereza haikuonesha hamu ya kuitwaa nchi aliyoielezea Stanley, lakini Leopold alimwajiri, na kuanzia mwaka 1879 hadi 1884 Stanley akafungua barabara, akajenga vituo na kukusanya mikataba kando ya mto.

Mikataba hiyo ikapelekwa kwa mataifa makubwa kama ushahidi. Marekani iliitambua bendera ya jumuiya ya Leopold mwezi Aprili 1884, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo, baada ya kushawishiwa kwamba kinachojengwa Kongo ni muungano wa nchi huru za Waafrika chini ya ulezi wa wafadhili. Ujerumani ilifuata mwezi Novemba mwaka huohuo.

Je, machifu waliuza ardhi yao?

Mikataba zaidi ya 400 iliwekwa alama na watawala wa kando ya mto, na mingi ilisema kwamba mtawala ameitoa ardhi yake na mamlaka yake yote kwa ajili ya vitambaa na bidhaa nyingine. Hata hivyo, katika jamii nyingi za bonde la Kongo ardhi haikuwa kitu ambacho mtu mmoja angeweza kukiuza, kwa sababu ilishikwa na ukoo kwa niaba ya wahenga na wajao. Kwa uelewa wa mtawala aliyempokea mgeni na zawadi zake, mapatano yale yalikuwa ya urafiki na ruhusa ya kukaa. Makaratasi yenyewe yaliandikwa kwa lugha za Ulaya ili yasomwe Ulaya, na huko ndiko yalikofanya kazi yake.

Waliokataa walishughulikiwa kwa namna nyingine. Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyeanzisha kituo cha Mpala kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika mwaka 1883, aligombana na mtawala Lusinga, ambaye naye alikuwa na bunduki na biashara yake. Mwezi Desemba 1884 Storms alituma watu wake, Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likasafirishwa hadi Ubelgiji likahifadhiwa kama kielelezo cha sayansi. Hayo yalitendwa na mjumbe wa chama kilichojitambulisha kuwa cha sayansi na utu.

Ni kweli kwamba Afrika iligawanywa mezani katika Mkutano wa Berlin?

Kwa sehemu tu. Mkutano ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukaisha tarehe 26 Februari 1885, ukihudhuriwa na mataifa 14. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja, na Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye wafanyabiashara wake walikuwa wametanda hadi mto Lualaba, hakuwakilishwa. Lakini mipaka mingi ya leo haikuchorwa mle ukumbini. Ilipangwa baadaye, katika mikataba ya nchi mbili mbili iliyoendelea kwa miaka mingi.

Berlin iliweka masharti. Mataifa yaliahidi biashara huria katika bonde la Kongo, yakakataza ukiritimba, yakaahidi kuwalinda wenyeji na kusaidia kukomesha utumwa. Nje ya vikao rasmi, Leopold alikamilisha kutambuliwa na karibu mataifa yote yaliyohudhuria, na tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ikatangazwa. Siku hiyohiyo ilitolewa amri kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali ya dola. Kwa watu wanaohamisha mashamba yao kila baada ya misimu michache, wanaowinda na kuokota katika misitu mipana, amri hiyo iliigeuza karibu nchi nzima kuwa ya mfalme, ikiwa ni pamoja na kila kilichoota juu yake. Wanaotaka kuelewa yaliyofuata waanzie hapo, kwenye amri hiyo moja.

Kama lengo lilikuwa kukomesha utumwa, kwa nini Tippu Tip alifanywa gavana?

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na mmiliki wa watumwa aliyetawala eneo pana la Maniema, mashariki mwa Kongo. Mwezi Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley alifanya naye makubaliano, na mtu huyo akawa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa Dola Huru. Leopold hakuwa bado na nguvu ya kumwondoa, na alihitaji njia na pembe zake.

Nguvu zilipopatikana, lugha ilibadilika. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890, ulioitishwa kuhusu utumwa, ulimruhusu Leopold kutoza ushuru kwenye bidhaa zinazoingia Kongo, jambo ambalo Berlin ilikuwa imelizuia, kwa hoja kwamba vita dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa vinahitaji fedha. Vita vikaja kati ya 1892 na 1894. Miji yao ya Nyangwe na Kasongo ikatekwa mwaka 1893, Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akafa vitani, na Rumaliza, mfanyabiashara mwenzao, akashindwa. Uvamizi wa utumwa wa wafanyabiashara wale ulikuwa wa kweli na katili, na haufai kufichwa kwa sababu tu watu wale walikuwa jamaa zetu wa lugha na pengine wa dini. Hata hivyo, waliowapindua waliwachukua wengi wa watu waliokombolewa wakawaingiza katika jeshi la dola, Force Publique, au katika kazi za shokoa.

Kiswahili kilichoenea na misafara ile kilibaki. Ndiyo maana kinazungumzwa Kisangani, Maniema, Kivu na Katanga hadi leo.

Msiri alikuwa nani, na kwa nini aliuawa?

Msiri alitokea upande wa Unyamwezi, katika watu wa Usumbwa, akajenga ufalme wa Garenganze wenye makao makuu Bunkeya, Katanga. Alifanya biashara ya shaba, pembe na watumwa, akipeleka misafara hadi bahari zote mbili. Mawakala wa Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza wa kusini mwa Afrika, waliitaka Katanga, na Leopold aliitaka zaidi. Msafara wa Leopold uliotoka pwani ya mashariki chini ya Kapteni Stairs ulifika Bunkeya mwezi Desemba 1891, na Msiri alipokataa kuikubali bendera ya Dola Huru alipigwa risasi. Shaba ya Katanga ikaingia mikononi mwa Leopold kwa njia hiyo.

Mpira ulihusikaje, na watu walilazimishwaje kuukusanya?

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi la kujazwa upepo. Baiskeli, na baada yake magari, zikaleta njaa ya mpira duniani. Mashamba ya Asia yalihitaji miaka mingi kabla ya kuvunwa, ilhali misitu ya Kongo ilikuwa imejaa mitambaazi ya porini yenye utomvu. Leopold alijua kwamba nafasi hiyo ni ya muda, hivyo akaikamua kwa haraka. Mwaka 1891 alitoa amri ya siri iliyowaagiza maofisa wachukue hatua za kuifanya dola iwe mnunuzi pekee wa pembe na mpira. Maeneo makubwa yalipewa makampuni kama ABIR na Anversoise, ambayo dola yenyewe ilikuwa na hisa ndani yake, na mwaka 1896 mfalme akajitengea eneo lake binafsi. Ahadi ya Berlin ya biashara huria ikawa imekufa huku ikiendelea kutajwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu aliingia msituni, akautafuta mtambaazi uliopanda juu ya mti mrefu, akauchanja na kukinga utomvu. Ili ugande, wengi walijipaka mikononi, kifuani na mapajani, kisha wakaubandua pamoja na nywele za mwili. Mitambaazi ya karibu ilipokauka, safari ikawa ya siku nyingi, watu wakilala juu ya miti kwa hofu ya chui. Katika eneo la ABIR mwanamume mzima alidaiwa kilo tatu hadi nne za mpira mkavu kila wiki mbili, kiasi kilichomaliza karibu muda wake wote. Malipo yalikuwa chumvi kidogo, shanga, kitambaa au kisu.

Hakuna aliyeifanya kazi hiyo kwa hiari, hivyo ukabuniwa utaratibu wa kumlazimisha. Wanawake na watoto walikamatwa na kufungiwa hadi mume alete kipimo chake. Wengi walikufa kwa njaa humo. Walinzi wenye bunduki, walioitwa kapita, waliwekwa vijijini wakala chakula cha wanakijiji na kuchukua wake zao. Aliyepungukiwa alichapwa kiboko, na kijiji kilichokataa kilichomwa moto. Mazao yaliongezeka kutoka chini ya tani 250 mwaka 1892 hadi takribani tani 6,000 mwaka 1901.

Kwa nini mikono ilikatwa?

Maofisa waliwashuku askari kwamba wanatumia risasi kuwinda wanyama au wanaziweka kwa ajili ya uasi. Kila risasi iliyotumika ilipaswa kuthibitishwa kwa mkono wa kulia wa aliyeuawa. Askari aliyekosa shabaha au aliyewinda alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie. Mwaka 1899 mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, aliihesabu mikono 81 ikikaushwa juu ya moto katika kambi moja huko Kasai.

Mwaka 1904 mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misheni ya Baringa akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa ABIR. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha akiwa ameketi barazani akivitazama, na picha hiyo ikaoneshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani.

Je, Wakongo walinyamaza tu?

Hapana. Walikimbilia msituni na ng'ambo ya mipaka, wakachoma vituo, wakawavizia walinzi. Mwaka 1893 mtawala Nzansu aliongoza uasi kwenye njia ya wapagazi ya Kongo ya chini. Mwaka 1895 askari wa Force Publique waliasi Luluabourg chini ya Kandolo, mwaka 1897 waliasi tena katika msafara wa kaskazini mashariki, na mwaka 1900 wakaasi katika ngome iliyo karibu na Boma. Askari hao wengi walikuwa vijana waliotwaliwa kwa nguvu vijijini.

Siri ilifichuliwa na nani?

Historia nyingi huanza na Mwingereza Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, na kazi yake inastahili heshima. Bandarini Antwerp aliona meli zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinaondoka zimebeba hasa silaha, risasi na mahitaji ya maofisa. Akahitimisha kwamba nchi isiyopokea bidhaa za malipo ni nchi ya kazi za kulazimishwa. Miaka mingi kabla yake, mwezi Julai 1890, mwanahistoria Mmarekani mweusi George Washington Williams alikuwa amekwisha kumwandikia Leopold barua ya wazi akiwa Stanley Falls, akieleza udanganyifu wa mikataba, ukatili wa askari na biashara ya watumwa ya dola yenyewe. Alifariki mwaka uliofuata, na dunia haikumsikiliza kama ilivyokuja kumsikiliza Morel.

Balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto mwaka 1903, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904. Leopold alilazimika kuunda tume ya uchunguzi, akitumaini itamsafisha. Mbele ya tume hiyo mtawala Lontulu wa Bolima aliweka vijiti 110 mezani, kila kimoja kwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira, vingine virefu na vingine vifupi, kwa wakubwa, wanaume, wanawake na watoto. Ripoti ya mwaka 1905 iliyathibitisha mashtaka makuu. Maneno ya mashahidi, hata hivyo, hayakuchapishwa pamoja nayo, na majalada yake yalibaki yamefungwa kwa miongo mingi.

Walikufa watu wangapi?

Hakukuwa na sensa ya kuaminika kabla ya miaka ya 1920, hivyo kila takwimu ni makadirio. Tume rasmi ya Ubelgiji ilikadiria mwaka 1919 kwamba idadi ya watu ilikuwa imepungua kwa nusu tangu mwanzo wa utawala huo, na kwa msingi huo baadhi ya wanahistoria wametaja upungufu wa watu milioni 10, wakati wengine wanaiona hesabu hiyo kuwa kubwa mno. Upungufu huo haukutokana na risasi peke yake. Njaa iliwaua watu wasiopata muda wa kulima, malale na ndui viliwamaliza waliodhoofika na kutangatanga, na watoto wachache walizaliwa katika nyumba ambazo mume yuko msituni na mke yuko kizuizini. Wanaosema kwamba magonjwa yaliua zaidi huenda wana hoja, ila magonjwa hayo yalipata njia kwa sababu ya mpira, na jukumu halihami.

Je, mambo yalikwisha Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908?

Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Kabla ya makabidhiano nyaraka nyingi za dola zilichomwa moto mjini Brussels. Mfalme alilipwa: makubaliano yalimtengea faranga milioni 50 kama shukrani, fedha ambazo zilitarajiwa kutoka Kongo yenyewe.

Ukataji wa mikono ulikoma, lakini kazi za lazima zilibadilika sura zikawa kodi ya kichwa, kilimo cha pamba cha lazima na uandikishaji wa nguvu kwa ajili ya migodi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Force Publique ilivuka mpaka ikaiteka Tabora mwezi Septemba 1916, ikitegemea maelfu ya wapagazi, na Ubelgiji ikaondoka na Rwanda na Burundi. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ilitumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945.

Waliomshutumu Leopold walikuwa bora kuliko yeye?

Si katika makoloni yao. Ufaransa iliigawa Kongo yake kwa makampuni yapatayo 40 mwaka 1899, kwa kuuiga mfumo wa jirani, na ukatili ukawa uleule. Ujerumani, katika mwaka ambao tume ya Leopold ilitoa ripoti, ilikuwa inazima Vita vya Majimaji kusini mwa Tanganyika, vilivyochochewa na kilimo cha pamba cha shuruti, kwa kuteketeza mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu kwa mamia ya maelfu. Leopold alikuwa rahisi kushutumiwa kwa sababu nchi yake ilikuwa ndogo na haikuogopwa.

Ubelgiji imeomba radhi?

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Mfalme Baudouin aliusifu mbele ya Wakongo ujuzi wa Leopold wa Pili, na Patrice Lumumba akamjibu palepale kwa kuyataja matusi, mapigo na kazi za kuchosha ambazo watu wake walivumilia. Miaka 60 baadaye, tarehe 30 Juni 2020, Mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi kueleza majuto yake makubwa, akayarudia alipozuru Kinshasa mwezi Juni 2022. Tume ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza ukoloni ilimaliza kazi mwezi Desemba 2022 bila kukubaliana juu ya kuomba radhi, kwa kuwa baadhi ya vyama viliogopa kwamba radhi ingefungua mlango wa madai ya fidia. Majuto hayadai chochote kwa anayeyatoa, na kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, hofu hiyo ya fidia inathibitisha kwamba wahusika wanajua deni lipo.